Utumbo hautibiwi kwa kukisia

Katika Kiswahili, neno tumbo limetwikwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Mjamzito ana tumbo, mlafi ana tumbo, mwenye njaa hulilaumu tumbo, na mgonjwa aliyejikunja kitandani usiku kucha naye husema kwamba anaumwa na tumbo. Aulizwapo ni mahali gani hasa, hupitisha kiganja kutoka chini ya kifua hadi kinenani, na maelezo yake hukomea hapo. Wengi wetu, wakiwemo waliosoma hadi chuo kikuu, hatuna la kuongeza.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Umio, ini, wengu, kongosho, utumbo mwembamba na utumbo mpana ni maneno ya siku nyingi, na mwanafunzi huyaandika kwenye mchoro wake bila taabu. Tatizo ni kwamba mtihani ukishapita, maneno hayo huachwa darasani pamoja na chaki. Nje ya darasa, kila kilicho baina ya kifua na nyonga hurudia kuwa tumbo. Nami nashikilia kwamba mazoea haya yanagharimu maisha ya watu, kwa kuwa ugonjwa usiojulikana mahali pake wala jina lake hutibiwa kwa kukisia.

Ili kuithibitisha hoja hii nimechagua saratani moja adimu, nayo ni limfoma ya utumbo mwembamba. Sikuichagua kwa sababu imeenea. Saratani zote za utumbo mwembamba zikijumlishwa ni sehemu ndogo sana ya saratani za njia ya chakula, na limfoma ni fungu tu la hizo chache. Nimeichagua kwa kuwa hakuna ugonjwa unaotufunza vizuri zaidi tofauti baina ya kuona, kudhani na kujua.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Mwilini mwetu mna chembechembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, ambazo ni askari wa kinga. Wengi wa askari hao hupiga kambi utumboni, maana huko ndiko vijidudu vingi huingilia pamoja na chakula na maji. Limfoma hutokea pale askari mmoja anapoasi. Seli yake hugawanyika bila kikomo, kizazi chake kikaujaza ukuta wa utumbo, kikaunenepesha, na mwishowe kikautoboa au kuuziba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui ugonjwa unaoistahili methali hiyo kuliko huu.

Dalili zake, kwa bahati mbaya, hazina upekee wowote. Mgonjwa huumwa baada ya kula, hukonda, hupungukiwa na damu, huhara au hutapika, na pengine hupata homa na jasho jingi usiku. Dalili hizo hizo huweza kuletwa na TB, na baadhi yake na amiba, minyoo au vidonda vya tumbo. Ndiyo sababu ni rahisi mno ugonjwa huu kubandikwa jina lisilo lake.

Niliyashuhudia hayo kwa mwalimu mwenzangu, mtu wa Hisabati, tuliyefundisha naye shule moja kwa miaka mingi. Katika muda wa mwaka mmoja aliambiwa mara nne kwamba ana homa ya matumbo. Kila mara ushahidi ulikuwa karatasi moja ya kipimo cha Widal kutoka zahanati ya mtaani. Alimeza dawa, akapata nafuu ya siku chache, kisha maumivu yakarudi. Baada ya homa ya matumbo aliambiwa ni amiba, na baada ya amiba ni vidonda. Mshipi wake ulitobolewa matundu mapya matatu. Katika chumba cha walimu wapo walioanza kunong'ona kuhusu Ukimwi, na baadhi ya jamaa zake wakamshauri amwone mganga.

Yafaa nieleze jambo kuhusu kipimo hicho, kwani nadra umkose Mkenya aliyewahi kukifanyiwa. Kipimo cha Widal kilibuniwa mwaka wa 1896, nacho hakimtafuti mdudu wa homa ya matumbo mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huzitengeneza dhidi yake. Mtu aliyewahi kuugua zamani, aliyechanjwa, au mwenye maambukizi mengine kabisa anaweza kuonekana kuwa na homa ya matumbo ilhali hana. Ushahidi imara zaidi hupatikana kwa kumwotesha mdudu mwenyewe maabarani kutoka kwa damu ya mgonjwa. Lakini kuotesha huchukua siku kadhaa, ilhali Widal hutoa jawabu upesi, na mgonjwa huenda nyumbani akiwa na jina mkononi. Sisi binadamu twayapenda majina, hata yawapo ya uongo.

Hatimaye mwenzangu alipelekwa kwenye kipimo ambacho wengi hukiona kuwa ndicho cha kukata maneno. Alimezeshwa endoskopu, mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera nchani. Majibu yakasema kwamba umio ni safi, mfuko wa chakula ni safi, na mwanzo wa utumbo ni safi. Akaambiwa hana ugonjwa wowote na apunguze mawazo.

Majibu yale yalikuwa ya kweli, lakini hitimisho lake halikuwa la kweli. Ili kulielewa jambo hili, hatuna budi kuurejelea mchoro ule wa darasani. Mfuko wa chakula hufuatwa na utumbo mwembamba, ambao una sehemu tatu: duodeni, ambayo ni fupi kama rula ya mwanafunzi, jejuni, na ileamu, ambayo hufungukia utumbo mpana. Urefu wake wote kwa mtu mzima hukadiriwa kuwa mita sita hivi. Endoskopu ya kawaida inayopitia kinywani hukomea duodeni. Ile inayopitia njia ya haja kubwa, iitwayo kolonoskopu, huuzunguka utumbo mpana wote na kuchungulia sentimita chache za mwisho wa ileamu. Baina ya vikomo hivyo viwili hubaki mita kadhaa za utumbo ambazo hakuna kamera iliyozifikia. Anayedai kwamba ameukagua utumbo wote kwa mirija hiyo miwili ni sawa na mtu aliyeiona stesheni ya Mombasa na stesheni ya Kisumu, akadai kwamba ameijua Kenya.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye kamera ni lazima aulizwe ametazama kutoka wapi hadi wapi.

Sayansi imehangaika na mita hizo kwa muda mrefu. Mwaka wa 1868, huko Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alilipitisha bomba la chuma hadi tumboni mwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga katika maonyesho, kwani ni vigumu mtu mwingine kuvumilia bomba lililonyooka. Mwaka wa 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikuwa na mrija unaopindika, uliosafirisha mwanga kwa nyuzi za kioo. Aliujaribu kwanza kwa kuumeza yeye mwenyewe. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa endoskopu tuzijuazo leo, lakini mita za katikati zilibaki gizani kwa miaka mingine zaidi ya arubaini.

Mwanga uliingia huko kwa njia mbili, karibu wakati mmoja. Mwaka wa 2000 ilitangazwa kazi ya mhandisi Gavriel Iddan wa Israeli na daktari Paul Swain wa Uingereza, ambao pamoja na wenzao walikuwa wametengeneza kidonge chenye kamera. Mwaka uliofuata kikaidhinishwa Marekani. Kidonge hicho kina urefu wa milimita 26 na upana wa milimita 11. Mgonjwa hukimeza kwa maji, nacho husukumwa na utumbo wenyewe, kikipiga maelfu ya picha kwa muda wa saa nane hivi na kuzituma kwenye kifaa kilichofungwa kiunoni. Kisha hutoka chooni.

Njia ya pili ilitoka Japani. Mwaka wa 2001 Hironori Yamamoto na wenzake walieleza endoskopu ndefu iliyovikwa mrija wa nje, kila mmoja ukiwa na puto dogo karibu na ncha yake. Puto moja likijazwa hewa hushika ukuta wa utumbo wakati mrija mwingine ukisonga mbele, kisha la pili hushika. Utumbo huvutwa ukajikunja juu ya mrija kama mkono wa shati unavyokunjwa hadi kwenye kiwiko. Kwa kuingia kinywani siku moja na kwa njia ya haja siku nyingine, daktari huweza kuiona sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, na wakati mwingine wote.

Kati ya njia hizi mbili kuna tofauti kubwa ambayo mwanafunzi yafaa aizingatie. Kidonge huona tu. Hakiwezi kugusa, kuosha wala kukata, na endapo utumbo umebanwa na uvimbe chaweza kunasa papo hapo na kuleta balaa. Endoskopu ya puto huona, na tena hubeba koleo dogo la kunyofoa vipande vya nyama. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya.

Kamera huona, lakini haitaji jina. Limfoma inaweza kuonekana kama kidonda chenye kingo zilizoinuka, kama mikunjo ya utumbo iliyovimba, kama vinundu vingi vidogo, au kama mahali palipobana. TB, tuizoeayo kwa jina la kifua kikuu ingawa huingia hata utumboni, inaweza kuonekana vivyo hivyo. Ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe sugu wa utumbo usio saratani, nao unaweza kufanana nazo. Hata daktari mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuitazama picha peke yake akaapa kwamba hii ni limfoma na ile ni TB. Katika nchi yetu, ambako TB ni ya kawaida na limfoma ni adimu, kishawishi cha kumwanzishia mgonjwa dawa za TB kwa miezi sita bila ushahidi ni kikubwa. Kinyume chake pia ni msiba: mtu mwenye TB, ugonjwa unaopona, akaambiwa ana saratani na kwenda nyumbani kungoja kifo.

Jina hutoka kwenye kipande cha nyama. Kipande hicho hutiwa katika fomalini kisioze, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno na kutiwa rangi, kisha mtaalamu wa patholojia hukichunguza kwa hadubini. Anapoitilia shaka limfoma huongeza majaribio mengine, akitumia kingamwili zinazong'ang'ania alama maalumu zilizo juu ya seli. Alama iitwayo CD20 humweleza kwamba seli hizo ni za aina ya B, na CD3 kwamba ni za aina ya T.

Msomaji ataniuliza, je, mgonjwa anafaidika nini na herufi hizo? Anafaidika sana, kwa sababu limfoma si ugonjwa mmoja. Ipo inayowapata baadhi ya watu ambao utumbo wao hudhuriwa na ngano, nayo hutokana na seli za T na ni kali sana. Ipo ya seli kubwa za B, inayokua haraka lakini mara nyingi husikia dawa. Ipo pia inayofahamika zaidi katika nchi za Mediterania, Mashariki ya Kati na sehemu kadhaa za Afrika, ambayo huwapata hasa vijana na hukaa katika duodeni na jejuni. Mwaka wa 2004 watafiti walioiongoza kazi yao Ufaransa waliihusisha na bakteria aitwaye Campylobacter jejuni. Jambo la ajabu ni kwamba katika hatua zake za mwanzo saratani hii inaweza kurudi nyuma kwa viuavijasumu vya kawaida kama tetrasaikilini, vikitumiwa kwa miezi mingi. Ikicheleweshwa hubadilika kuwa saratani kali. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kujua jina mapema kunaweza kumwepusha na dawa nzito za saratani.

Tena tusidhani kwamba elimu hii ni ya kigeni. Mwaka huo huo wa 1957 Hirschowitz alipokuwa akiujaribu mrija wake, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Daktari huyo, Denis Burkitt, alitambua kwamba watoto wengi wenye uvimbe kama huo walikuwa na uvimbe pia tumboni. Mwaka wa 1958 aliuandikia ugonjwa huo akiuita sarkoma. Ni wataalamu wa patholojia wa Makerere, Gregory O'Conor na J.N.P. Davies, walioonyesha kwa hadubini kwamba ilikuwa limfoma. Jina lilipopatikana, tiba nayo ikafuata. Katika miaka ya 1960, Kampala na Nairobi, ilionekana kwamba dawa za saratani ziliweza kuyayeyusha mavimbe hayo, na baadhi ya watoto wakapona. Jicho la Burkitt lilikuwa kali, lakini lilihitaji hadubini ya wenzake.

Mwalimu mwenzangu aliokolewa na swali moja. Daktari wa pili aliyemwendea aliisoma ripoti ya kwanza akauliza, "Walifika wapi?" Akaagiza picha ya CT, ambayo ilionyesha mahali palipovimba katika jejuni. Endoskopu ndefu ilipofika hapo ilikuta kidonda kipana, na vipande kadhaa vikanyofolewa. Majibu yalichukua majuma matatu: limfoma ya seli kubwa za B. Alitibiwa kwa mizunguko sita ya dawa, ikiwemo moja inayoishambulia ile alama ya CD20. Tulifanya harambee mbili, naye akauza kipande cha shamba. Mwaka uliofuata alirudi darasani, akiwa mwembamba lakini mzima. Hata hivyo nasisitiza kwamba wakati uvimbe ulipokuwa mdogo yeye alikuwa akitibiwa magonjwa matatu ambayo ushahidi wake haukuwapo.

Sitaki nieleweke vibaya. Endoskopu nayo ina mipaka. Limfoma huweza kujificha chini ya utando wa juu wa utumbo, koleo likanyofoa nyama isiyo na ugonjwa. Ndiyo maana hunyofolewa vipande vingi, na shaka ikibaki kipimo hurudiwa au mgonjwa hupasuliwa ili kipatikane kipande kikubwa zaidi. Aidha, dawa za steroidi kama prednisoloni zikitolewa kabla ya kipande kuchukuliwa huweza kuinywesha limfoma kwa muda, hadubini ikadanganyika. Nafuu inayopatikana kabla ya jina kujulikana yaweza kuwa pazia. Na kwa hakika si kila anayeumwa na tumbo ana saratani. Walio wengi hawana. Lakini anayekonda bila sababu, anayepungukiwa na damu, anayetapika mara kwa mara, anayepata choo cheusi au mwenye homa isiyokwisha hafai kupewa dawa ile ile kwa mara ya tatu bila swali jipya.

Najua kuna watakaoniambia kwamba ni anasa kuzungumzia vidonge vyenye kamera ilhali kuna zahanati zinazokosa hata dawa ya malaria. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini swali la daktari yule halikugharimu hata senti. Chupa ya fomalini si ghali. Tena mwenzangu alipozikusanya risiti za karatasi za Widal na dawa za mwaka mzima, jumla yake iliupita mara mbili ujira wa endoskopi ya kwanza. Kukisia ndiko ghali, ila malipo yake hutolewa kidogo kidogo hata hatuyaoni.

Kwa serikali za kaunti, ambazo tangu mwaka wa 2013 ndizo zinazosimamia hospitali nyingi za umma, nina ombi moja. Zinaponunua endoskopu, ziajiri pia wataalamu wa patholojia na kuziimarisha maabara. Mrija usiofuatwa na hadubini ni jicho lisilo na ulimi.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, nawasihi wajizoeze kuuliza maswali matatu baada ya kipimo. Mmefika wapi? Mmechukua kipande cha nyama? Nani amekisoma, na amesema nini? Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa heshima kwa daktari. Daktari mwema hufurahi kuulizwa.

Nanyi walimu wenzangu, wa Sayansi na wa Kiswahili, kazi yenu huanza kabla ya hospitali. Mwanafunzi anayeuchora mfumo wa chakula na afundishwe kwamba majina yale si ya mtihani tu, bali siku moja atayahitaji kumweleza daktari mahali anapoumwa mamake. Akiweza kusema ni juu ya kitovu, baada ya kula, kwa miezi minne, na kwamba mrija ulikomea duodeni, atakuwa ameikaribia tiba kwa hatua kubwa. Mwili una sehemu nyingi na kila sehemu ina jina. Ugonjwa nao una jina lake, na ni haki ya mgonjwa kutafutiwa jina hilo kabla ya kutafutiwa dawa.